Kengele ya Beberu wa Stathis

"Njia ya mkato!" Mjomba Panagos alijigamba pale kwenye magofu ya hekalu, juu ya milima ya Arkadia. "Nimechunga mbuzi hapa tangu utoto, nimuulize nani njia?" Haya, saa moja baadaye njia ya mkato ilikuwa imemlaza chini ya mwamba, paja limepasuliwa na jiwe, na ukungu umewafunika gubigubi saa kumi alasiri.

Kalliroi, mpwa wake, aliteremka kwa makalio, akavua shali, akalifunga paja na kulikaza mpaka mjomba akapiga yowe.

"Unaniua, we mtoto!"

"Piga kelele tu, ndio uzima huo. Kunywa. Funda moja, basi!"

Maji yalibaki nusu chupa. Simu haikushika mtandao. Shali ilikuwa imeshalowa damu. Mjomba asipofika kwa watu kabla ya giza, ndiyo basi tena. Kalliroi alilijua hilo, akaikaza shali tena.

Mara, ndani ya ukungu: ndang! ndang! Kengele! Moyo ulimruka kwa furaha.

"Mbuzi wanarudi zizini kukamuliwa! Tuwafuate!"

Mjomba alitega sikio, akanuna. "Hiyo nzito ni ya beberu wa Stathis. Siendi kwake. Miaka ishirini na mbili hatusemezani, tangu tulipogombania kisima."

"Basi kaa! Nitamwambia mkeo umekufa kwa kununa."

Mjomba akaguna, akamtupia mkono shingoni. Wakaenda. Lo, walivyokwenda! Kengele ikinyamaza, walisimama, ikilia, walikazana. Ghafla mguu wa Kalliroi ukakosa ardhi, mawe yakaporomoka korongoni asisikie yakitua. Mjomba, amesimama kwa mguu mmoja, akamdaka kwa ukosi wa koti.

"Kengele iko kulia, binti! Sikiliza!"

Mbwa wakabweka. Ukuta wa zizi ukatokea, na mzee mwenye ndoo ya maziwa. Ndoo ikamponyoka.

"Panagos! Mbuzi wangu ndio waliokualika?"

"Leta maji, mjinga wewe! Utanitukana nikipona."

Stathis alimbeba mgongoni hadi kwenye pikapu, akaiwasha, wakaelekea hospitali wote watatu. Kalliroi, bado anahema, akauliza, "Mjomba, kengele zote zinalia. Yake uliijuaje?"

Mjomba alikuwa akilia waziwazi. "Nilimpa mimi, siku nilipokuwa msimamizi wake wa harusi, nikamvisha taji. Nilidhani aliitupa zamani."

"Niitupe?" Stathis alifoka, macho barabarani. "Kila asubuhi naifunga kwa mkono wangu."