Evaline na Mto wa Kiangazi

Kila asubuhi kabla ya shule, Evaline aliteremka mtoni kuchota maji. Waliishi karibu na Murungu, wilayani Kibondo, chini ya bwawa la mtambo mdogo wa umeme. Baba yake, Longinus, ndiye aliyeuendesha mtambo huo.

Masika mto ulijaa hadi kwenye migomba. Kiangazi, maji yote yaliingia kwenye bomba la mtambo, na chini ya bwawa yakabaki madimbwi ya kijani. Wadogo zake Evaline waliugua matumbo kila mwaka.

Mwaka 2014, kibali cha mtambo kilikaribia kwisha. Kabla hakijatolewa kipya, maafisa wa mazingira walifika kukagua mto na kuwasikiliza wanakijiji. Ilikuwa masika.

"Nyamaza tu," Tunu, binti wa mwenye duka, alimnong'oneza Evaline mkutanoni. "Wakikataa kibali, tutarudi kwenye vibatari. Halafu baba yako atakosa kazi!"

"Mto huu una shida yoyote?" aliuliza Bi Faudhia, mkuu wa maafisa hao.

"Hauna!" watu walijibu. "Si mnauona ulivyojaa?"

Evaline alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Evaline alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Kiangazi mto huu haufiki kwetu. Tunachota madimbwini, na kambare wanakufa. Lakini umeme tunaupenda, msituzimie!"

Watu waliangua kicheko. Longinus akasimama taratibu.

"Amesema kweli," alisema. "Mimi niliogopa."

"Hatukuja kuzima taa," Bi Faudhia alijibu akitabasamu. "Tulikuja kuujua mto wenu."

Kibali kilitolewa, kwa sharti kwamba bwawa liachie maji kiasi kiangazi chote. Agosti umeme ulipungua mchana, na Tunu akanung'unika kwamba soda za dukani kwao zilikuwa za moto. Lakini mto ulipita ukiimba juu ya mawe, na Tunu huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujirusha majini!

Longinus aliwatazama watoto wakirushiana maji, akacheka.

"Mwanangu," alimwambia Evaline, "mficha maradhi kifo humuumbua. Mto nao ulikuwa mgonjwa, na sisi wakubwa tulikuwa tunauficha. Ukweli wako ndio uliouponya, na taa zetu bado zinawaka."