Mchicha Wenye Tumbo Jekundu

"Gugu ni nini?" Nakundwa aliuliza.

Hakuna aliyemjibu.

Bibi alikuwa anapuliza moto. Fuu! Fuu! Kaka Mbonea alikuwa na muhogo mdomoni. Na mdomo wenye muhogo haujibu maswali.

"Nimeuliza, gugu ni nini?"

"Nakundwa, kula," Kaka akasema.

Hilo si jibu, jamani. Lakini Nakundwa akala.

Nakundwa alikuwa na miaka sita. Alikaa na Bibi na Kaka Mbonea, juu mlimani, huko Upare. Nyuma ya jiko lao palikuwa na bustani. Ilikuwa ndogo, kama mikeka minne tu.

Ndogo, lakini kazi zake hazikuisha. Jua likiwaka, unamwagilia. Mvua ikikaribia, unapanda. Mvua ikikolea, unapalilia. Mvua ikikatika, unavuna mbegu.

Na kila kazi ilipoisha, Bibi alishukuru.

"Asante, jembe. Asante, ndoo. Asante, mgongo wangu, leo hukunigombeza."

Nakundwa alicheka. Hakuwahi kusikia mgongo ukigombeza mtu.

Siku moja ya mwezi wa kumi, jua lilikuwa kali. Sukuma wiki ilipata wageni.

Vidukari! Vidogo, vyeusi, vimejazana chini ya majani. Vilinyonya maji ya majani. Nyonyo, nyonyo, nyonyo.

"Vimealikwa na nani?" Nakundwa alikasirika. "Bustani si yao!"

"Chukua majivu," Bibi akasema. "Nyunyizia majani yote. Vidukari havipendi majivu."

Nakundwa akakimbia jikoni. Kopo la majivu lilikuwa tupu. Majivu ya mekoni yalikuwa bado ya moto.

Akatazama juu. Kwenye uchaga, pale moshi unapopita, palikuwa na kibuyu. Kilizibwa kwa gunzi la mahindi.

Akapanda kigoda. Akavuta gunzi. Pwa!

Ndani yake kulikuwa na nini? Majivu! Laini. Ya baridi.

"Majivu ni majivu," Nakundwa akasema.

Akanyunyiza huku. Pu, pu, pu! Akanyunyiza kule. Pu, pu, pu! Akanyunyiza mpaka kibuyu kikawa kitupu.

Akakiziba kwa gunzi lake. Akakirudisha mahali pake.

Vidukari vikapukutika. Kisha kuku wa jirani wakaja kwenye tuta. Ko, ko, ko! Wakachakura. Wakadonoa. Ko, ko, ko!

Wiki moja ikapita. Kisha, mbali kule juu ya mlima, mawingu yakanguruma. Gruu!

Bibi akafurahi. "Mvua hiyo inakuja! Leo tunapanda mchicha wa mama yangu."

Akashusha kibuyu. Akakitikisa. Kimya.

Akakitikisa tena. Kimya.

"Humu mlikuwa na mbegu," Bibi akasema. "Nilizichanganya na majivu, wadudu wasizile. Zimekwenda wapi?"

Nakundwa akaligeukia tuta la sukuma wiki.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Angeweza kusema, "Ni panya."

Lakini panya hakufanya kitu. Si haki kumsingizia panya.

"Bibi," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Ni mimi. Nilidhani ni majivu tu. Niliinyunyizia sukuma wiki."

Bibi akakaa kwenye kigoda. Akakipakata kibuyu kama mtoto.

"Mbegu hizi alinipa mama yangu siku niliyoolewa. Nimezipanda kila mwaka. Dukani hazipo. Kwa jirani hazipo."

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Asante kwa kusema," Bibi akasema.

"Usinishukuru, Bibi! Nimemwaga mbegu za mama yako!"

"Nashukuru kusema. Kumwaga sishukuru."

Nakundwa akafuta machozi. Halafu akafikiri. Halafu akauliza.

"Kwani haziwezi kuota palepale kwenye sukuma wiki?"

"Kuku walichakura pale wiki nzima. Sisimizi nao wamepita. Mbegu zenyewe ndogo kama chumvi. Sidhani, mjukuu wangu."

"Hata moja?"

Bibi akatazama bustani. "Hata moja ingetosha. Mchicha mmoja ukikomaa, mbegu zake zinajaza kiganja."

"Nitaujuaje?"

"Mchicha wa mama yangu una tumbo jekundu. Jani ni kijani juu, kama mengine yote. Ukilipindua, chini ni jekundu."

Usiku ule mvua ikanyesha. Ta, ta, ta, ta, kwenye bati.

Asubuhi Nakundwa akaenda bustanini. Chuchumaa. Inama. Chungulia.

Matope tu.

Kesho yake akaenda tena. Chuchumaa. Inama. Chungulia.

Matope, na jongoo mmoja.

"Shikamoo, jongoo," Nakundwa akasema. Jongoo hakuitika. Alikuwa na haraka zake.

Siku ya tano, tuta la sukuma wiki likaota vitu. Vidogo! Vingi! Vilikuwa vya kijani, na kila kimoja kilikuwa na majani mawili.

Nakundwa akapindua jani moja. Kijani. Akapindua jingine. Kijani. Jingine. Kijani.

Jioni ikamkuta bado anapindua.

Kesho yake asubuhi akasikia jembe. Chwa! Chwa! Chwa!

Akatoka mbio, mguu mmoja na ndala, mguu mmoja bila ndala.

"Kaka! Acha! Unafanya nini?"

"Napalilia," Kaka Mbonea akasema. Chwa! "Mbegu za Bibi zililiwa na kuku. Magugu yamejaa."

"Nani kasema ni magugu?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Mtaje jina."

Kaka akasimama. "Nakundwa, wewe mtoto mbishi! Hili ni gugu. Na hili ni gugu. Na lile ni gugu."

"Umelichungulia?"

"Nani anachungulia magugu?"

"Basi hujui!" Nakundwa akasema. "Unakata mtu hujamtazama hata tumbo. Si haki!"

Akaingia katikati ya tuta. Akakaa. Kwenye matope. Pwaa!

Kaka akatazama jembe. Akamtazama mdogo wake. Akapumua.

"Haya. Bibi anachemsha chai. Chai ikiwa tayari, nalima."

"Sawa," Nakundwa akasema.

Chuchumaa. Inama. Chungulia.

Kijani. Kijani. Kijani.

Jikoni, sufuria ikaanza kuimba. Siii!

Chuchumaa. Inama. Chungulia.

Kijani. Kijani. Kijani.

Sufuria ikaimba kwa nguvu. Siiii!

"Karibuni chai!" Bibi akaita.

Kaka Mbonea akashika jembe. Akapiga hatua moja kwenye tuta.

"Kaka, mguu!" Nakundwa akapiga kelele. "Inua mguu! Usiuteremshe!"

Kaka akainua mguu. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akayumba. Akayumba.

"Nini? Nyoka?"

Nakundwa akachuchumaa. Chini ya kisigino cha Kaka palikuwa na mche mdogo, mdogo kuliko ukucha. Akaushika kwa vidole viwili. Taratibu. Akapindua jani.

Jekundu.

"Bibi!" akaita. "Bibi, njoo! Una tumbo jekundu!"

Bibi akaja na mwiko mkononi. Bibi, mwenye mgongo wa kugombeza, akachuchumaa. Akainama. Akachungulia.

Akambusu Nakundwa utosini, juu ya matope yote.

"Nishushe mguu sasa?" Kaka akauliza.

"Kule!" Bibi na Nakundwa wakasema pamoja.

Kaka akaushusha kule. Akaliweka jembe chini. Kisha naye, Kaka Mbonea mkubwa mzima, akachuchumaa.

Chai ikapoa. Hakuna aliyeijali.

Kaka akapata mmoja kando ya jiwe. Bibi akapata miwili. Nakundwa akapata mingine miwili, palepale kuku walipochakura.

"Kuku hawakuiona!" Nakundwa akasema.

"Asante, kuku, kwa kutoona," Bibi akasema.

Miche sita. Sita tu. Walichimba kila mche pamoja na udongo wake. Wakaihamishia kwenye tuta jipya, tuta lake peke yake. Kaka akalizungushia fito, kuku wasipite.

Siku ambazo mvua haikunyesha, Nakundwa alimwagilia kwa kopo lenye matundu. Churu, churu, churu.

Miche ikafika kwenye goti la Nakundwa. Ikafika kwenye kiuno chake. Ikampita kichwa!

"Bibi, tuchume?" Nakundwa akauliza. "Tule na ugali?"

"Mwaka huu hatuchumi," Bibi akasema. "Tunaiacha izae mbegu. Mwaka huu tunaitazama tu."

Kuitazama tu! Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kupalilia. Lakini Nakundwa aliiweza.

Vuli ikaisha. Jua la Januari likawaka. Vichwa vya mchicha vikakauka.

Wakavikata. Wakavianika kwenye mkeka. Wakavisugua kwa viganja. Shaka, shaka, shaka.

Bibi akapepeta kwa ungo. Fyuu! Makapi yakaruka. Mbegu zikabaki, nyeusi, zinang'aa. Nyingi! Viganja vya Nakundwa vilijaa. Vya Bibi pia. Hata vya Kaka Mbonea, na vyake ni vikubwa.

Nakundwa akaleta majivu ya baridi. Akazichanganya mwenyewe. Akazitia kwenye kibuyu. Akaziba kwa gunzi.

Kisha akakifunga kibuyu uzi mwekundu shingoni.

"Wa nini?" Kaka akauliza.

"Wa tumbo jekundu," Nakundwa akasema. "Mtu akitaka majivu, asikosee tena."

Bibi akapandisha kibuyu kwenye uchaga. Akasimama mbele ya meko, akashukuru.

"Asante, mvua. Asante, jembe, kwa kusubiri. Asante, mguu wa Mbonea, kwa kuinuka."

Akamshika Nakundwa mashavu.

"Na haya macho. Asante sana, macho ya mjukuu wangu."

Safari hii Nakundwa hakucheka. Na hakusema, "Usinishukuru."

Akasema, "Haya, Bibi."

Jioni ikaingia. Wakala ugali na sukuma wiki. Bibi akamfunika Nakundwa shuka. Taa ikazimwa.

Kisha, gizani:

"Lakini gugu ni nini?"

Kitanda cha pili kikalia. Kri, kri.

"Ni mmea ambao Nakundwa hajauchungulia," Kaka Mbonea akajibu. "Sasa lala."

Hilo ni jibu. Nakundwa akalala.

Na wewe unayesikiliza, nina ombi moja dogo. Kesho ukiona mche mdogo usioujua, tafadhali, usiukanyage. Chuchumaa kwanza.