Blanketi Lisilo na Unywele

Mbwa Matope alikuwa amekufa. Alilala ubavu ndani ya kizimba chake cha safari, ulimi nje, katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege.

Inspekta alipiga magoti. Kwenye kola ya mbwa palining'inia ua la karatasi, lililofungwa kwa fundo la mkono wa mtoto.

Mtoto mwenyewe, binti wa darasa la pili, alijibanza ukutani mbali na mama yake.

"Usinishike!" alilia. "Ulisema atatusumbua huko tunakohamia. Umemuua wewe!"

Mama alinywea kama aliyemwagiwa maji.

Kando alisimama wakala wa kusafirisha wanyama, koti jeupe limenyooka kwa pasi. Watu walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari wa chochote.

"Afande, namhurumia mama," alisema kwa sauti ya msibani. "Ila mkobani mwake mna vidonge vya usingizi. Nimeviona akitafuta pasipoti."

"Ni vyangu! Naogopa ndege, afande. Mbwa nimpe vya nini?"

Daktari wa mifugo, aliyekuwa akimkagua mbwa, aliinua kichwa. Ndani ya shavu la mbwa alikuta kipande cha nyama, kidonge kimepachikwa katikati.

"Dawa ya usingizi. Na huyu ana pua bapa, kupumua kwenyewe ni kwa taabu. Ukimlewesha dawa halafu umfungie kwenye joto hili, ni sawa na kumkaba koo."

Koplo, askari wawili nyuma yake, alishika pingu, macho kwa mama.

"Tulia, koplo." Inspekta alimgeukia wakala. "Mbwa alikaa kwako?"

"Mwezi mzima. Mnyama lazima akizoee kizimba kabla ya safari. Ale humo, alale humo, mlango ukiwa wazi. Siku ikifika anaingia mwenyewe. Wanyama wangu hawabweki, afande, uliza yeyote."

"Na alilalia blanketi hili?"

"Kila siku."

Inspekta alilitoa kizimbani, akalikung'uta juu ya meza. Hakikuanguka kitu. Akampapasa mbwa mgongoni. Glovu ilijaa manyoya.

"Anapukutika hivi, na hajaacha unywele hata mmoja? Ulikuwa unamnyoa kila asubuhi?"

Koplo alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nili... nililifua."

"Ukaacha mikunjo ya dukani? Hiki kizimba ni kipya. Mbwa asiyekijua angekwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu. Hapa hakuna hata alama. Aliingizwa akiwa amelala. Mama, ulipofika ulimkuta wapi?"

"Humo humo, ameshafungiwa. Dokta akaniambia, mwone alivyotulia."

Wakala alikaa juu ya boksi bila kukaribishwa.

"Nilimfunga kamba uani," alisema. "Wanyama ni wengi, nani ana muda wa kumbembeleza mbwa aingie sandukuni? Ningesema hayuko tayari, mama angenitangaza mji mzima. Nimelijenga jina langu, afande. Nikampa vidonge, kama ninavyowapa wengine."

"Wengine?"

"Wengi wao wanafika salama."

Inspekta alilibwaga blanketi mezani.

"Wengi! Watu wanakukabidhi roho wanayoipenda, wewe unailewesha ili uonekane fundi. Na ulikuwa radhi mama wa watu afungwe, mwanawe amchukie mpaka kaburini, mradi uendelee kuitwa Dokta!"

Koplo alisogea na pingu.

"Bado. Kwanza atamwambia yule pale."

Inspekta alimshika wakala kola ya lile koti, akamsimamisha mbele ya binti. Wakala akachuchumaa.

"Mama yako hakumpa kitu," alinong'ona. "Ni mimi."

Binti alimtazama.

"Alikuwa anaogopa?"

Wakala aliangalia sakafu.

"Mjibu mtoto," alisema Inspekta.

"Nilipomshika... ndiyo. Aliogopa."

Binti aliondoka ukutani. Alipita mbele ya askari wote, akaenda kuuficha uso tumboni kwa mama yake, na mama akamfunika kwa mikono yote miwili. Nje, ndege yao iliruka bila wao.

"Sasa," alisema Inspekta. "Mvueni hilo koti, kisha mfungeni pingu."