Komwe Moja ya Kayani

Mbeyu alimtuma mumewe mafuta ya taa, na Chirau akatoka na chupa mkononi jua likitua. Mimba ya Mbeyu ilikuwa imetimia. Mkunga, Bi Biasha, alikuwa keshawaambia usiku usiwakute bila taa.

"Usipitie barazani, mume wangu," Mbeyu alimwonya. "Ukiliona bao, huna mke wewe."

Asipitie vipi, na bao ndilo lililompa jina? Toka Diani mpaka Msambweni hapakuwa na mtu wa kumshinda. Alijua kete zitakakoangukia mwenzake akiwa bado anakuna kichwa. Na majivuno aliyokuwa nayo, Mungu amsamehe, yangewatosha watu watatu.

Siku chache nyuma, shemejiye Waziri, aliyepelekwa Urusi kusoma mara tu baada ya uhuru, alikuwa amekuja likizo na kisa cha mashine. Mashine kubwa kama duka, inayocheza sataranji.

"Haifikiri," Waziri aliwaambia pale barazani. "Inajaribu kila njia. Nikienda hivi, akija hivi, nikirudi vile… zote, mpaka pale ilipopangiwa kukoma. Hapo inahesabu nani ana vingi, basi. Mtego ukiwa hatua moja mbele ya hapo, hauuoni. Inaingia mzimamzima."

"Kumbe hata Warusi wana majini!" mzee mmoja alisema, na baraza zima likacheka.

Jioni ileile bao lilipungua kete moja, na Chirau akafanya jambo asilolifanya hata mtoto wa Kidigo. Aliingia ukingoni mwa msitu wa kaya, akachuma komwe iwe kete. Msitu ule ni wa mizimu ya wazee. Ndani yake hakitolewi hata kijiti kikavu. Yeye alijiambia komwe si kuni, akaitia mfukoni.

Sasa barazani hapakuwa na watu. Wote walikuwa msikitini, wanaswali magharibi.

Ila mmoja.

Alikuwa ameketi upande wa pili wa bao, kanzu nyeupe, nyayo safi zisizo na chembe ya vumbi. Palinuka majani mabichi, kama yaliyopondwa sasa hivi…

"Asalaam aleikum," Chirau alisema.

Mgeni aliinamia bao.

"Moja humu ni yangu," mgeni alinong'ona.

Chirau aliijua ni ipi. "Ichukue, bwana."

"Sichukui. Irudishe wewe, mchana, mbele ya wazee wa kaya, na kuku mweupe, useme uliiba. Au tucheze. Ukishinda, ni yako. Ukishindwa, namchukua aliyemo tumboni mwa mkeo."

Mwenye akili angeshika njia ya kuku. Lakini Chirau alivisikia vicheko vya baraza, bingwa mzima akitubu kwa wizi wa komwe. Na tangu aote ndevu hakuwahi kushindwa. Akaweka chupa chini, akaketi.

Kete za mgeni hazikulia. Ziliangukia mashimoni kimya, kama zinaangukia mchanga. Kila zamu yake ilipofika, macho yake yalipita shimo hadi shimo, mbio, midomo ikimchezacheza… kisha yakasimama. Ndipo mkono ukaenda. Alikula kila kilicholika. Mashimo ya Chirau yakawa matupu, moja baada ya jingine, na Chirau akaanza kuogopa kwelikweli. Kwa mawazo alimwona Mbeyu mlangoni, ameshika kiuno, anamngoja. Machozi yakamlenga.

Hapo akaikumbuka mashine ya Waziri.

Macho yale yalikuwa yanakoma. Kila mara palepale.

Akaanza kutoa. Akamwachia kete chache, mgeni akala. Akamwachia nyingine, akala tena. Kila alichokitoa kilisukuma mtego hatua moja mbele, ng'ambo ya pale macho yalipokomea. Kisha Chirau akachota kete za shimo moja, akazimwaga, akala, akazunguka, akala, akazunguka… Safu ya mbele ya mgeni ikabaki tupu. Bao lilikuwa limekwisha.

Mgeni hakukasirika. Alitabasamu, na hilo ndilo lililomsisimua Chirau mwili.

"Ni yako," alinong'ona. "Ilee."

Chirau alipopepesa macho, pale palibaki harufu tu. Alipapasa bao zima. Komwe ile haikuwamo.

Alikimbia hadi nyumbani, chupa kaisahau barazani. Bi Biasha alikuwa nje, ameketi peke yake gizani.

"Mbeyu?" Chirau aliuliza akihema.

"Mzima."

"Na mtoto?"

"Wawili. Wa kiume."

"Alhamdulillahi!" Chirau alipaza sauti. Bi Biasha akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema polepole, "tumbo lile nimelipapasa asubuhi kwa mikono yangu. Mlikuwa na mmoja."

Usiku kucha Chirau alikaa kando ya kitanda bila taa, akisikiliza pumzi mbili zilizolingana. Alijilaani. Alikuwa amehesabu mpaka mwisho wa bao, akakoma hapo. Mgeni aliendelea kuhesabu. Alitaka kitu kimoja tu sasa: kupambazuke, amjue mwanawe ni yupi.

Kukapambazuka. Mbeyu, mwenye furaha zake, akampakata wa kwanza. Mtoto hakulia. Macho yake yalipita titi la kulia, la kushoto, mlango, dirisha, baba… mbio, midomo ikimchezacheza. Kisha yakasimama, akanyonya.

Basi si huyu. Chirau alimwinua yule wa pili, akamkumbatia kwa nguvu, akambusu kipaji huku analia kwa shukrani.

Kisha akamtazama usoni.

Macho yalikuwa yanapita. Mlango, dirisha, mama, shingo ya baba… Midomo ilikuwa inachezacheza.