Sauti Katika Albamu ya Nikodemo

Jua lilikuwa linazama Devota aliposhuka kwenye bodaboda mtaani Mkonze. Alifuata flashi ya nyimbo tu. Saa moja na nusu alikuwa na kipindi chake redioni, na safari hii alikuwa ameapa kumpigia debe Nikodemo. Albamu yake mpya ilikuwa inatoka Ijumaa.

Miaka kumi na moja Nikodemo anatengeneza muziki kwa kompyuta, peke yake, chumba kimoja. Zeze analikatakata, ngoma anaivuta mpaka nywele zinakusimama. Na Dodoma nzima imemfanyia nini? Imemcheka. Makelele ya kila mgeni yanashangiliwa, mtoto wa hapa anaitwa kichaa. Jambo hilo lilimkera Devota kupita kiasi.

Mlangoni alimkuta Dorkasi, dada mkubwa wa Nikodemo, anapepeta uwele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kumsifia?" Akashusha sauti. "Usithubutu, mdogo wangu. Bashiri wa redio yenu alimsifia."

Devota alimjua Bashiri. Mwaka wa tatu huu hatoi hata mnong'ono. Hospitali walisema ni koo.

"Ile ngoma aliyoirekodi Nikodemo ni ya bibi yetu," Dorkasi aliendelea. "Ngoma ya wanawake. Huombwa kwa mwenyewe kabla haijaguswa. Yeye akaitegea simu dirishani, akaondoka na sauti yake. Bibi amekufa na kinyongo... Sasa ngoma inajilipa."

Nikodemo akatoka, macho mekundu. Vidole vilivyomkabidhi flashi vilikuwa vya baridi.

"Ipige tu," alinong'ona. "Usiseme neno."

"Nikinyamaza na mimi, nani atasema?"

Nikodemo akainua macho. Devota akamwona wazi: alitamani kusifiwa kuliko alivyoogopa.

Studio alikuwa peke yake. Akavaa spika za masikioni, akaujaribu wimbo wa kwanza. Ngoma ikaanza chini, polepole. Du... du... Chumba kikanuka ngozi iliyokaushwa motoni. Halafu, nyuma ya ngoma, mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko cha Bashiri.

Angeweza kunyamaza. Sauti ndiyo ugali wake, ndiyo ada ya wanawe wawili. Lakini wangapi wameshanyamaza? Hasira ikampanda. Woga huu huu ndio uliomzika mtu akiwa hai! Akafungua maikrofoni.

"Wasikilizaji, muziki huu ungetoka kwa mgeni mngeupigia makofi. Umetengenezwa hapa hapa Dodoma, na sijasikia mzuri kuushinda. Albamu inatoka Ijumaa. Jina la msanii nitawapa baada ya wimbo."

Ndivyo watangazaji walivyo. Jina huwekwa mwisho, msikilizaji asihame stesheni. Alifanya hivyo kila siku, na wala hakufikiria.

Wimbo ukaisha. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Kimya.

Akajaribu tena. Koo lilikuwa kavu, limejaa vumbi. Wimbo wa pili ukaanza bila yeye kugusa kitu, na ndani yake mwanamke alikuwa anaongea taratibu, chini ya ngoma...

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Simu ya studio ikalia. Akainyanyua.

"Dada, napiga kutoka Haneti. Muziki gani huo jamani! Anaitwa nani?"

Akakata. Ikalia tena, sasa kutoka Nkuhungu. "Tupe jina, dada!" Ikalia tena. Miaka kumi na moja, na leo ndipo Dodoma inapouliza.

Devota akaandika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, machozi yakimtoka. Saa mbili kasoro akaingia Gideoni, msomaji wa habari. Devota akamwekea karatasi mbele, akamwonyesha maikrofoni kwa kidole, akimsihi kwa macho.

Gideoni akaisoma kimoyomoyo. Akamtazama Devota kooni. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaanza kusoma taarifa ya habari.