Droo ya Chini Iliyokwama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kibibi alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili kwenye bomba la mtaa wao wa Mtanda, kisha akamkolezea mama yake makaa ya chetezo. Juma lile kazi ya chetezo ilizidi. Mama yake, Bi Mwanaima, alikuwa akilifukiza udi kabati jipya asubuhi na jioni, utadhani anamfukiza bibi harusi.

Lilikuwa jipya kwao tu. Mwaka ule Wazungu wengi wa mradi wa karanga kule Nachingwea walikuwa wakifunga virago, na vyombo vyao vilipigwa mnada. Nikodemu, fundi seremala aliyetoka Njinjo na kufungua karakana pale Mtanda, alivinunua, akavitengeneza na kuviuza. Kabati hilo lilikuwa la mbao nzito, lenye kioo mlangoni, zuri kweli. Ila lilinuka.

"Droo ya chini imekwama," Nikodemu alisema siku alipolileta. "Msihangaike nayo. Nitakuja Jumamosi na patasi niifungue."

Kibibi hakuyapenda maneno hayo. Kwa nini droo ya chini tu? Kwa nini Jumamosi, si leo? Na mbona alipokuwa akisema hakuwatazama usoni? Tangu hapo akawa haliachi kabati. Aliingiza pua kwenye upenyo wa droo, akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena. Siku ya tatu aliona doa jekundu pembeni mwa droo ile.

"Mama, harufu imezidi," alisema.

"Imezidi kwa kuwa hukolezi makaa vizuri," Bi Mwanaima alijibu. Alitia kipande kingine cha udi, akaweka chetezo ndani ya kabati na kufunga milango ili moshi usitoke. Maisha yake yote alikuwa amefukiza nguo na mashuka. Hakuona kwa nini kabati limshinde. Jioni alipolifungua, udi na uvundo vilitoka pamoja, na harufu ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo.

Kesho yake kwenye foleni ya bomba, rafiki yake Yustina alikunja pua. "Kibibi, nguo zako zinanuka nini?"

Wasichana wengine waligeuka kumtazama. Kibibi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na haya ile ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Ni kabati la yule Nikodemu," alisema. "Kalitoa chumba cha maiti. Droo ina damu, ndiyo maana kaifunga."

"Umeiona damu?"

"Kwa macho yangu haya!"

Alichokuwa ameona ni doa. Chumba cha maiti alikitunga palepale, ndoo ikiwa bado inajaa.

Kufika Ijumaa, Mtanda nzima ilikuwa na habari. Watu waliopita karakanani walivuka upande wa pili wa njia. Jirani yao, Bi Apolonia, aliyekuwa ameagiza kitanda, alikwenda kukikataa.

"Nimemwonea huruma," Bi Apolonia alimwambia mama yake Kibibi. "Anasema hali ikiendelea hivi atafunga karakana arudi Njinjo kulima. Lakini nani alale kwenye kitanda cha maiti?"

Kibibi alisikia yote. Chakula cha jioni kilimshinda. Hata hivyo alijiambia: huenda ni kweli. Huenda kuna kitu mle.

Jumamosi Nikodemu alifika na patasi yake. Majirani nao walifika, wakasimama mlangoni wakinong'ona, kanga puani.

"Sogeeni," Nikodemu aliwaambia. "Sogeeni muone wote."

Aligonga mara tatu, akavuta. Droo ilitoka. Ndani mlikuwa na kiota cha panya: karatasi, vitambaa vilivyotafunwa, karanga zilizoota ukungu, na panya mmoja aliyekufa zamani.

"Na hii damu?" Bi Apolonia aliuliza.

"Hii ni rangi ya mbao. Nimeipaka mwenyewe, kopo ninalo." Nikodemu alifuta jasho. "Kosa langu ni kuuza kabati kabla ya kufungua droo. Nilifanya haraka, mnisamehe. Lakini hilo la chumba cha maiti silijui limetoka wapi."

Kibibi alipenya kati ya majirani, akasimama mbele ya kabati.

"Ni mimi, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitunga."

Bi Mwanaima aliinua mkono, Nikodemu akamzuia. "Mwache, bibi. Mpe maji ya moto na sabuni."

Kibibi alisugua kabati ndani na nje, akalipangusa kwa maji ya ndimu. Droo zote na kabati, milango wazi, vilipigwa jua mpaka alasiri. Kisha Nikodemu aliweka ndani bakuli la mkaa mkavu uliopondwa ili unyonye harufu iliyobaki. "Udi baadaye, Bi Mwanaima," alisema. "Moshi haumtoi panya aliyekufa." Bi Mwanaima alicheka, japo kwa aibu kidogo.

Siku ya tatu Bi Apolonia alitia kichwa kizima ndani ya kabati, akanusa, kisha akaenda moja kwa moja karakanani kudai kitanda chake. Siku hiyohiyo Kibibi alisimama kwenye bomba na kueleza ukweli. Baadhi walimcheka. Wengine walitazamana. "Fundi kamtisha huyu," mmoja alinong'ona.

Alirudi nyumbani analia. "Mama, hawaniamini!"

Bi Mwanaima alimketisha karibu naye. "Pua yako haikukosea, mwanangu. Kabati lilinuka, na kushuku hukukatazwa. Ungeniambia kuhusu lile doa, tungemwita fundi siku ileile. Kosa lako ni kusema umeona usichokiona. Kabati tumelisafisha kwa siku tatu. Jina la mtu huchukua muda mrefu zaidi, na aliyelichafua ndiye wa kulisafisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Kesho utakwenda bombani uwaambie tena. Na keshokutwa."

Kibibi alikwenda. Alisema kesho yake, akasema keshokutwa, na siku ya nne Yustina alimshika mkono wakaenda wote wawili karakanani kumwamkia Nikodemu.