Kanda ya Gitobu

Haya yalimpata Kananu, rafiki yetu wa Ruiri. Alasiri hiyo alitoka hospitalini, alikolazwa bintiye Kinya, ambaye madaktari walikuwa wameacha kumzungumzia habari za kurudi nyumbani. Akaenda Majengo kwa fundi wa redio. Alitaka nyimbo za kanda ya marehemu mumewe zitiwe kwenye simu, mtoto azisikilize kitandani. Gitobu alizirekodi kabla hawajaoana: piano za watunzi wa kale, rumba, jazi, na kila baada ya wimbo alieleza kwa nini anaupenda. Alifariki wakati Kinya akiwa bado tumboni, hana jina.

Mvua ilileta giza, stima ikapotea. Fundi akatia betri kwenye redio ya kanda. Tarumbeta ya jazi ikalia, ikanyamaza, kanda ikakwaruza.

"Huu wa mwisho ni wako, Kinya," sauti ya Gitobu ikasema.

Kananu alishika meza. "Fundi, zima!"

"Nimezima, mama. Hata betri nimezitoa."

Gizani piano ikaanza polepole. Kisha ndani ya redio mtoto akakohoa, kikohozi ambacho Kananu alikijua, akasema, "Baba, ongeza sauti."